Shamba la shule: darasa au kibarua? Jibu kwa mama wa Kibosho

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Nina binti wa miaka 17, yuko kidato cha pili katika sekondari moja huku Moshi Vijijini. Ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Mkono na mguu wa kulia ni dhaifu, anatembea bila magongo ila anachoka upesi, na kusoma anasoma polepole. Shule imeanzisha mkondo wa amali, yaani wa kufundisha kazi za mikono na ufundi, wa kilimo na ufugaji, na wanataka wanafunzi wote wenye ulemavu waingie huko. Baba yake anasema mtoto anatolewa darasani akalime. Wifi yangu aliyeko Marekani anasema kule shule zina mashamba ya kufundishia watoto kama huyu na yanawasaidia sana. Sisi tuna kihamba, shamba la ukoo, kisichofika nusu eka, migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja. Nikubali au nikatae? Na akimaliza, kazi hiyo itamlisha kweli?"

Jibu:

Marahaba, mama. Nakushauri ukubali, lakini usikubali leo. Kubali baada ya shule kukujibu mambo nitakayokueleza hapa, na baada ya baba yake kukaa kikao kimoja na mwalimu wa kilimo akiwa amejiandaa kuuliza.

Kilichonishtua katika barua yako ni kwamba wanafunzi wote wenye ulemavu wanaelekezwa kilimo. Shuleni hapo huenda yupo asiyeona, yupo kiziwi, yupo mwenye ualbino, yupo mwenye usonji, na yupo binti yako. Mwenye ualbino akipelekwa palizi saa sita mchana bila kofia pana na mafuta ya kuzuia jua anasogezwa kwenye saratani ya ngozi, na hali mafuta hayo yanatengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC. Kiziwi mwenye kichwa chepesi cha hesabu pengine nafasi yake ni umeme au ushonaji. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mkuu wa shule ni hili: mmemwona nini binti yangu, yeye mwenyewe, hata mkaona kilimo kinamfaa? Wakikujibu kwa kutaja ulemavu wake peke yake, hawajamtazama. Wakikwambia anapenda kuku, ana subira, anakumbuka mpangilio wa kazi, basi kuna mtu amekaa naye.

Wasiwasi wa baba yake una mizizi. Wengi wetu tulisoma katika shule ambazo jembe lilikuwa adhabu: ukichelewa namba unapimiwa eneo la kulima, ukipiga kelele darasani unakwenda kufyeka. Mtu aliyelelewa hivyo akisikia mtoto wake anapelekwa shambani, lazima moyo umuume. Lakini Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 haikukusudia hivyo. Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wenyewe wanashiriki kuamua kilimwe nini, kazi igawanywe vipi, na faida itumike wapi. Mahali pengi kilichobaki ni kulima, na kuamua kukarudi kwa mwalimu.

Hapo ndipo ninapotofautisha darasa na kibarua. Kibarua hupimwa kwa matuta aliyolima. Mwanafunzi hupimwa kwa maamuzi anayoyafanya mwenyewe. Chukua tuta moja la mchicha. Mwanafunzi wa kwanza anaambiwa mwagilia, anamwagilia. Anaambiwa ng'oa, anang'oa. Anamaliza miaka minne akiwa na mikono migumu, na siku asipokuwepo wa kumwambia, anakaa. Wa pili asubuhi anaingiza kidole kwenye udongo, anakuta unyevu bado upo, anaamua leo asimwagilie. Anageuza jani, anaona vidukari, anakwenda kumwita mwalimu kabla havijaenea. Wiki ya tatu anasema mchicha huu tukiuacha mpaka Jumatatu utakomaa, tuuze Ijumaa. Jasho lao ni lile lile, ila huyu wa pili amepata kazi.

Binti yako anaweza kabisa kuwa huyo wa pili. Kusoma polepole hakumzuii mtu kuamua. Kunachotaka ni arudie uamuzi ule ule mara nyingi mpaka uwe wake, na hii ndiyo sababu mimi nalipenda shamba kwa kijana anayejifunza taratibu. Mchicha hukomaa kwa wiki tatu hadi nne. Ndani ya muhula mmoja anaweza kupanda, kukosea, kuvuna na kupanda tena, mara mbili au tatu. Kwenye karakana ya useremala mwanafunzi akikata ubao vibaya, ubao umekwisha na mwalimu anaanza kumnyima mbao. Mbegu ya kurudia tuta moja la mchicha ni pesa ndogo, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkataza kujaribu.

Utakapokwenda shuleni, basi, usitosheke kuonyeshwa shamba. Shamba lolote la shule hupendeza siku ya wageni. Omba kuona daftari la maendeleo la mwanafunzi mmoja mmoja. Ndani yake kila kazi iwe imevunjwa hatua kwa hatua, na mbele ya kila hatua iandikwe mwanafunzi alisaidiwa kwa kiasi gani: alishikwa mkono, alionyeshwa, alikumbushwa kwa neno, au alifanya peke yake. Ukikuta mwezi wa pili kusafisha vyombo vya maji ya kuku kumeandikwa "alionyeshwa" na mwezi wa tano kumeandikwa "peke yake", hapo pana mafunzo. Ukikuta wanafunzi wote wameandikiwa "vizuri", hapo hakuna aliyetazama. Na kama daftari halipo, mwombe mwalimu kwa heshima alianzishe. Halina gharama zaidi ya kalamu na rula.

Mwalimu wa elimu maalum, hasa aliyepita Chuo cha Patandi pale Tengeru, anaijua kazi ya kuvunja kazi. Wewe pia unaweza kuifanya nyumbani, kwa hiyo nikueleze kidogo. Kukusanya mayai kunaonekana ni kazi moja, kumbe ni kumi: kunawa, kuchukua trei, kuingia bandani kwa utulivu kuku wasitaharuki, kukagua viota kwa mpangilio mmoja kila siku, kuokota yai moja moja, kutenga lenye ufa, kufuta lenye kinyesi, kulipanga upande mwembamba ukiwa chini, kuhesabu na kuandika, kupeleka stoo. Kijana akifundishwa kuanzia hatua ya kwanza, huwa anachoka na kuvunjika moyo kabla hajaona matokeo. Sisi mara nyingi tunaanzia mwisho. Mwalimu anafanya hatua tisa, mwanafunzi anafanya ile ya kumi ya kupeleka trei stoo. Akiizoea, anapewa ya tisa na ya kumi, halafu ya nane, mpaka anafika mlangoni mwa banda. Kila siku anayofundishwa, yeye ndiye anayeimaliza kazi. Nimeona vijana walioitwa wazito wakinyanyua kichwa kwa ajili ya jambo hilo tu.

Sasa mkono na mguu. Hapa ndipo shule nyingi hushindwa, na hushindwa kwa vitu vya bei ndogo.

Kabla hajakabidhiwa chombo chochote, mpelekeni kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mtu kumudu kazi za kila siku. Ninyi mna bahati ya kuwa karibu na KCMC, ambako wataalamu hao wapo na chuo kinachowafundisha kipo hapo hapo. Mtaalamu atautazama mkono wa kulia aone unaweza kushikilia hata kama hauwezi kukamata vizuri, na tofauti hiyo ni kubwa sana shambani. Mkono unaoweza kukandamiza kitu kisisogee unatosha kufanya kazi na mwenzake wa kushoto. Mwombeni aandike kwa Kiswahili chepesi nini afanye na nini asifanye, na karatasi hiyo ifike kwa mwalimu wa kilimo. Isiishie kwenye faili la hospitali.

Kisha vyombo. Mpini wa jembe la kawaida ni mwembamba kwa mkono usiofunga vizuri, kwa hiyo uzungushiwe mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unenepe na usiteleze. Kwa palizi apewe kijembe kidogo cha mpini mfupi, akae kwenye kigoda, kitanda cha mboga kikiwa kimeinuliwa. Kitanda cha kufanyia kazi ukiwa umekaa au umesimama bila kuinama kinataka kimo cha kama sentimita 60 hadi 75, na upana usizidi sentimita 60 kama anakifikia upande mmoja tu. Mbao za mkaratusi zinatosha, hata mawe. Bila mbao, gunia la kilo 50 lililojazwa udongo na samadi, likawekewa kokoto katikati za kupitisha maji na likatobolewa ubavuni, linaota sukuma wiki pande zote, na mtu anavuna amesimama.

Keni ya kumwagilia ya lita kumi ikijaa ni kilo kumi zinazoning'inia upande mmoja wa mwili, na upande wake wa pili ndio dhaifu. Hiyo ni kumtafutia kuanguka. Apewe ya lita tatu au nne, au shule ifunge umwagiliaji wa matone: ndoo au pipa likiwekwa juu ya stendi ya kama mita moja, maji yanashuka yenyewe kwenye mipira. Kazi yake ikawa kufungua koki, kukagua tundu zilizoziba na kuamua afunge saa ngapi. Unaona? Tumepunguza kubeba, tumeongeza kuamua.

Kujaza viriba vya miche ni kazi nzuri ya kukaa, na huku kwetu ina soko, kuna miche ya kahawa, ya parachichi, ya miti. Inawashinda wenye mkono mmoja kwa sababu kiriba kinajikunja. Dawa yake ni chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako: unaitumbukiza mdomo chini ndani ya kiriba, kiriba kinakaa wazi kwenye kisanduku cha mbao, na mkono wa kushoto unamimina udongo kwa kopo. Kwa kupanda miche kitaluni, fimbo iliyokatwa sentimita 45 inampa nafasi sahihi ya sukuma wiki bila kusoma rula. Kwenye banda la kuku, viota viwe usawa wa kifua na chakula kikae kwenye pipa lenye mfuniko mwepesi, karibu na mlango.

Nisisahau mteremko. Vihamba vya Kibosho naufahamu mwinamo wake, na ule udongo wakati wa masika, Machi hadi Mei, unateleza kwa mwenye miguu miwili mizima. Kama shamba la shule liko kwenye mteremko, sehemu yake iwe ya juu, karibu na majengo, yenye njia ya changarawe ya upana wa mita moja hivi. Majani ya migomba yasitandazwe kwenye njia hiyo hata kama yanazuia matope, kwa kuwa yakilowana ni hatari.

Kuhusu kuchoka, walimu waelewe kwamba mwenye mtindio wa ubongo hutumia nguvu nyingi zaidi kutembea kuliko mwenzake anayetembea umbali ule ule. Akikaa chini baada ya dakika 40 si mvivu. Kazi za kusimama zipishane na za kukaa, na ratiba yake iandikwe hivyo tangu mwanzo ili asionekane anapendelewa.

Je, ana kifafa? Hukutaja, lakini wenye mtindio wa ubongo wengi wanacho pia, kwa hiyo nauliza. Kama anacho, asifanye kazi peke yake kando ya mfereji au kisima, asipande ngazi, asishike panga, na mwenzake mmoja afundishwe la kufanya akianguka. Na kuhusu sumu za wadudu, sina mjadala: mwenye umri chini ya miaka 18 asichanganye wala kupulizia kiuatilifu, awe na ulemavu au asiwe nao. Sheria zetu zinakataza mtoto kufanya kazi za hatari. Yeye ajifunze kusoma rangi za kibandiko cha chupa, ajue nyekundu ni sumu kali kuliko zote, na ajue kuhesabu siku zinazotakiwa kupita kati ya kupulizia na kuvuna. Hayo ni maarifa ya meneja wa shamba, naye anayaweza.

Wifi yako hajakudanganya. Kule Marekani kuna shule na vituo vyenye mashamba na vitalu vya kufundishia vijana wenye ulemavu wa umri wa sekondari, na Uholanzi wakulima wa kawaida hupokea watu wenye ulemavu wakafanya nao kazi za kila siku. Ila ungeniuliza nini cha kuazima kule, nisingeanza na vitalu vyao vya vioo. Sheria ya Marekani ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu inaitaka shule, mwanafunzi asipite miaka 16 kabla haijaandika mpango wa maisha yake baada ya shule: atasomea nini, atafanya kazi gani, na pale inapohitajika, ataishije kwa kujitegemea. Mwanafunzi mwenyewe lazima aalikwe kwenye kikao hicho. Binti yako ana 17. Kikao cha namna hiyo hakihitaji bajeti. Ombeni kifanyike: mzazi, mwalimu wa elimu maalum, mwalimu wa kilimo, ikiwezekana afisa ugani wa kata, na yeye binti akiwa amekaa pamoja nanyi na kuulizwa anataka nini. Katika barua yako nzima, mama, sijasikia yeye anasemaje.

Hofu ya kutolewa darasani ina jibu lake. Mkondo wa amali ulianza mwaka 2024 na mtaala mpya, na mwanafunzi wa amali bado anasoma masomo mengine. Ulizeni mambo mawili: ratiba ya binti inaonyesha vipindi vingapi vya Kiingereza na hisabati kwa wiki, na cheti cha fani atakachopata kinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi? Wakikwepa hilo la pili, rudini tena. Tena hisabati ikifundishwa vizuri itakaa vizuri zaidi kichwani mwake kwa sababu ya shamba. Kuku wa mayai mmoja hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 20 ni kilo 2.4. Wakitaga vizuri wanatoa mayai 15 hivi, yaani trei moja kila siku mbili. Basi swali la mtihani ni hili: bei ya trei inazidi bei ya kilo tano za chakula kwa kiasi gani? Mtoto anayeshindwa hesabu za sehemu ubaoni nimemwona anaielewa hesabu hii, maana anaona mfuko wa chakula unavyopungua.

Nije kwenye kuishi. Kwa mkono mmoja wenye nguvu na nusu eka, nisingemweka kwenye ng'ombe. Kukata majani kwa mundu, kubeba mzigo wa majani mlimani na kukamua kwa mikono miwili ni kazi itakayomvunja. Kama familia inataka maziwa, mbuzi wa maziwa ni mwepesi zaidi kwake, ingawa kukamua kutahitaji mazoezi. Kwake naona mambo matatu. Kuku, kwa kuanza na wachache: wa mayai huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na familia lazima iwe na mtaji wa kuwalisha miezi hiyo yote kabla ya yai la kwanza. Chanjo ya kideri, ugonjwa hatari wa kuku, haina mjadala, kuku wa kienyeji wapewe matone ya jichoni kila baada ya miezi mitatu, na kuzishika tarehe hizo kwenye kalenda ni kazi yake. La pili ni mboga za majani za muda mfupi, mchicha, sukuma wiki na hasa mnavu, ambao watu wa Moshi na Arusha hawauchoki. Pale Tengeru kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kimeshughulikia mbegu bora za mnavu na mchicha kwa miaka mingi, kwa hiyo mbegu nzuri haziko mbali. La tatu ni kitalu cha miche. Nikilazimishwa kuchagua moja, ningechagua kitalu, kwa sababu kinafanyika umekaa, hakitaki eneo, na mnunuzi anakufuata nyumbani mvua za vuli na masika zikikaribia.

Lakini soko kwanza. Kabla hajapanda, aende na wewe Kiboriloni au Mbuyuni, aulize akina mama wanaouza mboga wananunua fungu la ukubwa gani na siku gani wanaishiwa. Mwenye kiosk jirani anataka trei ngapi kwa wiki? Kijana anayejua jina la mnunuzi wake analima tofauti na anayelima akingoja mnunuzi atokee.

Kuajiriwa nako kupo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Mashamba ya maua na ya mboga za kuuza nje ukanda wa Usa River na Arumeru yanazidi idadi hiyo kwa mbali, na kupanga, kuchambua na kufungasha ni kazi za mezani. Sheria hiyo haitekelezwi yenyewe. Anayekwenda na cheti, barua ya mwalimu na daftari linaloonyesha kazi anazofanya peke yake, ana la kushika mkononi anapoitaja. Na kama mtihani wa kidato cha nne hautamwendea vizuri, mlango haujafungwa: vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo 54 nchini, Msinga hapa Moshi kikiwa kimojawapo, na Usa River kipo kituo cha Kanisa la Kilutheri kinachofundisha ufundi vijana wenye ulemavu pamoja na wasio nao.

Mtaji: kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Akifika miaka 18 anaingia kwenye wanaostahili. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, akueleze masharti ya sasa, maana maandalizi huchukua muda. Nakusihi tu asikopeshwe kabla hajaendesha mradi mdogo kwa mtaji wa nyumbani mzunguko mzima.

Kuna jambo gumu zaidi, na nalisema kwa upendo kwa sababu najua mila zetu. Unaweza kumfundisha binti huyu kila kitu, kisha siku baba na mama hamko, kihamba kikaenda kwa kaka yake na yeye akabaki mgeni kwenye migomba aliyoipanda. Kwetu Uchagani kihamba hufuata mtoto wa kiume, na binti asiyeolewa mwenye ulemavu hubaki akitegemea huruma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ya kijiji, ni batili. Msingoje ugomvi ndipo muitaje. Mzee akiwa hai na mwenye sauti, aite ukoo, aonyeshe kwa mguu mahali pa binti yake, hata kama ni robo ya hiyo nusu eka, karibu na nyumba na maji. Muhtasari uandikwe na kusainiwa, mtendaji wa kijiji aujue, na mkipata hati ya hakimiliki ya kimila jina lake liwemo. Baba anayeogopa mtoto wake kufanywa kibarua ana uwezo wa kuhakikisha hafanywi kibarua nyumbani kwao, na hapo namwomba sana.

Mwisho, mmuulize mwalimu mradi unaendaje likizo ya mwezi wa sita, nani anawalisha kuku, na mwanafunzi anaambulia nini mayai yakiuzwa. Shule nyingine huchukua yote kwa kisingizio cha vifaa. Sehemu ya mauzo irudi kwa mwanafunzi hata kama ni ndogo, naye ashirikishwe kupanga itumike vipi. Na ninyi msingoje kikao: mtengenezeeni magunia manne ya mboga karibu na jiko, fungueni daftari la hatua kama nilivyoeleza, na kila Jumamosi mwandike pamoja naye alipofika. Siku ya kikao mlibebe. Mwalimu ataona ni hatua zipi anazifanya peke yake tayari, na hatakuwa na haja ya kumrudisha mwanzo.